Ndoto moja tangu Novemba: taa inazama ikiwa bado inawaka

MvuviWaGiza (Uhanya, Siaya), 3 Machi

Salamu kwenu wote. Ni saa tano asubuhi, niko nje ya nyumba chini ya mwembe, macho mekundu kama nimeshinda kwenye moshi. Nilipaswa kuwa nimelala. Nilijitupa kitandani saa mbili baada ya kupima omena na kuoga, na kabla ya saa tatu nilikuwa nimekaa wima, mkono umeshika ukingo wa kitanda, jasho hadi kwenye godoro. Mke wangu siku hizi haulizi tena. Ananiletea maji tu na kukaa kando yangu.

Mimi ni mvuvi wa omena. Kwa asiyeijua kazi hii: tunatoka jioni, tunatega taa ziwani juu ya vyelezo vidogo vya mbao, tunangoja omena wakusanyike kwenye mwanga, kisha tunazungusha nyavu na kuvuta. Ni kazi ya usiku wa giza. Mbalamwezi ikikaribia kujaa omena hawaji kwenye taa, basi tunapumzika siku kadhaa na kulala usiku kama watu wengine, halafu tunarudi tena kulala mchana. Kwa hiyo usingizi wangu haujawahi kuwa na saa zake maalum. Lakini miaka 11 ulikuwa unakuja wenyewe, nikiweka kichwa nimeenda.

Novemba mwaka jana boti yetu ilipinduka. Tulikuwa wanne. Tulikuwa tumeshavuta mara mbili na tumeanza kukusanya taa, upepo ukageuka, wimbi la kwanza likatujaza maji, la pili likatulaza. Wawili waling'ang'ania boti. Mimi nilipata mtungi wa petroli wa lita 20 uliokuwa karibu mtupu, nikaukumbatia. Rafiki yangu, tuliyeanza naye kazi hii mwezi mmoja, akaogelea kuifuata taa. Taa na betri yake vilikuwa vimefungwa pamoja, chelezo kilikuwa kimevunjika, na sote tulijua kifaa kikipotea mwenye boti anakikata kwenye mgao wetu. Hakurudi. Mwili uliopolewa siku ya tatu.

Sasa hiyo ndoto. Haibadiliki, hata fulana aliyovaa haibadiliki. Taa inazama ikiwa bado inawaka. Inashuka polepole, mwanga unakuwa kijani, halafu rangi ya chai, halafu unabaki kama punje ya mtama, na yeye yuko juu ya mwanga huo, namwona nyayo tu, nyeupe. Anageuka na kuniita. Ananiita kwa jina la utani ambalo yeye peke yake ndiye alikuwa akilitumia. Nafungua kinywa nimwitikie, maji yanaingia. Hapo ndipo naamka.

Mwanzoni ilikuwa mara moja kwa wiki. Tangu Januari ni karibu kila nikilala. Mama mkwe anasema ni nyawawa, yaani mapepo, na upepo ulipovuma wiki iliyopita alitoka na sufuria akapiga mabati mpaka majirani wakaamka. Mchungaji ameniombea, namshukuru. Nimejaribu kunywa chang'aa vikombe viwili nikitoka ziwani, nimejaribu zile tembe ndogo za njano za mafua zinazoleta usingizi. Nalala kama gogo saa moja na nusu, halafu inakuja, tena kali zaidi.

Ninachouliza: kuna mtu hapa aliyeota ndoto moja miezi na miezi, na ikaisha? Alifanya nini? Na nyinyi mnaofanya kazi usiku, mchana mnalalaje? Juzi nilisinzia nikiwa na kamba ya nyavu mkononi, katikati ya ziwa. Nina watoto wawili.

Boda_Kondele, 3 Machi

Pole sana omera. Mimi si ndoto hasa, ni jinamizi. Naamka alfajiri macho wazi, naona mtu amesimama mlangoni, kifua kizito, siwezi kuinua hata kidole. Dakika moja hivi, halafu linaniachia. Ni ugonjwa mmoja na wako au ni tofauti? Naomba anayejua aseme.

MuuguziWaZamu (Kakamega), 3 Machi

Ndugu mvuvi, pole kwa kumpoteza rafiki, na pole kwa hiyo miezi yote. Nimesoma maelezo yako mara mbili nikiwa zamu ya usiku, kwa hiyo la kulala mchana nalijua kwa mwili wangu mwenyewe.

Nianze na Boda kwa sababu lake ni fupi. Hayo ni mambo mawili. Tukiwa kwenye usingizi wa ndoto ubongo hulegeza misuli ya mwili ili tusiinuke na kutenda tunachoota. Wakati mwingine akili inaamka kabla misuli haijafunguliwa, na vipande vya ndoto vinabaki machoni. Ndilo jinamizi la kukaba. Linatisha lakini haliui, na huwapata zaidi watu waliochoka, wanaolala saa zisizo na mpango na wanaolala chali. Jaribu kulala ubavu. Likija, usipambane na mwili wote. Kazana na kidole kimoja cha mguu, au pumua taratibu hadi lipite. Na upunguze safari za usiku kama mfuko unaruhusu.

Sasa mvuvi. Usingizi huenda kwa mizunguko, kila mmoja karibu dakika 90. Anayelala usiku hupata usingizi mzito zaidi mwanzoni, na usingizi wa ndoto unarefuka kuelekea alfajiri. Wewe unalala saa mbili asubuhi, saa ambazo mwili umezoea kuota sana. Ndiyo maana ndoto inakukuta upesi kiasi hicho, hata kabla mzunguko wa kwanza haujaisha. Hakuna aliyekutuma, na si kwamba umedhoofika. Umeingia nyumbani kwa mlango unaofungukia chumba cha ndoto.

Chang'aa. Nakusihi kama dada. Pombe inakulaza haraka na inabana ndoto kwa saa za mwanzo, lakini ikianza kuisha kwenye damu ndoto zinarudi kwa nguvu. Ile saa moja na nusu uliyoitaja ndiyo hiyo. Na kuichanganya na zile tembe ni hatari, zote mbili zinalegeza mwili na fahamu, na kazi yako iko juu ya maji. Kama unakunywa vikombe viwili, punguza hadi kimoja, kisha acha. Kama ni zaidi ya hapo kila siku, usikate ghafla peke yako, pitia kituo cha afya wakusimamie.

Nijibu haya ukipenda, hata kwa ujumbe wa faragha: kuna dawa unameza kila siku? Propranolol, wanayopewa baadhi ya watu wa presha au moyo, inaweza kuleta ndoto mbaya. Dawa za ARV za zamani zenye efavirenz zilikuwa maarufu kwa ndoto kali. Dolutegravir, ambayo wengi wanatumia sasa, huwanyima baadhi ya watu usingizi, na mara nyingi kuimeza asubuhi badala ya usiku kunasaidia. Kwako wewe asubuhi na usiku vimepinduka, kwa hiyo ongea na anayekupa dawa. Usiache dawa yoyote kwa sababu yangu.

Na swali la mwisho naliuliza wazi kwa sababu ni lazima liulizwe: umewahi kufikiri heri ungezama wewe, au kutaka kujidhuru? Kama ndiyo, usisubiri jibu la mtu hapa mtandaoni. Nenda hospitali leo, au piga 1199, ni namba ya Msalaba Mwekundu, haina malipo.

Kuhusu ndoto yenyewe kuna tiba, na si dawa. Mgonjwa huiandika ndoto akiwa macho, anaibadilisha atakavyo, kisha anaipitia ile mpya kichwani dakika 10 hadi 20 kila siku. Mwaka 2001 Barry Krakow na wenzake kule Marekani walichapisha kwenye jarida la JAMA utafiti wao kwa wanawake 168 walionusurika ubakaji, na waliofundishwa njia hii walipungukiwa na ndoto mbaya na usingizi wao ukawa bora. Sitaandika zaidi, maana naona mtu anayeijua kwa ndani kuliko mimi yuko hapa na bado hajasema.

MamaWaViazi (Nakuru), 4 Machi

Muuguzi ananijua. Haya, nasema.

Mwaka 2008 nilikuwa na miaka 19, tunaishi Kaptembwa. Yaliyotokea Nakuru mwezi ule wa Januari, vurugu za baada ya uchaguzi, wengi wenu mnayajua, sitayarudia. Niseme tu kwamba watu walibisha lango letu la mabati usiku, na kila aliyewahi kusikia rungu likipiga mabati anajua sauti hiyo haifanani na kingine. Sisi tulitoka salama. Lakini miaka mingi baadaye, nimeolewa, nina watoto, niko Free Area na duka langu la viazi, bado nilikuwa nikiota lango. Linabishwa, najua nikifungua nakufa, najua nisipofungua watachoma, na mkono wangu unaenda kwenye komeo wenyewe.

Nilipata mshauri hospitalini, mama mtu mzima aliyekuwa akituona kila Alhamisi. Alinipa daftari la kurasa 32 akaniambia: andika ndoto, yote, kwa wakati wa sasa, kama inatokea. Niliandika na kutetemeka. Kisha akasema: badilisha. Nikauliza nibadilishe nini? Akasema, chochote, ndoto ni yako, hujaikodi.

Wiki ya kwanza niliandika kwamba polisi walikuja. Haikunisaidia hata kidogo. Ilikuwa uongo, na mwili unaujua uongo. Wiki ya pili nikabadilisha kitu kimoja tu: ninapofungua komeo, aliyesimama pale ni nyanya yangu, ametoka Molo, ana gunia la viazi kichwani na amechoka kusubiri. Ananiambia, "Mbona umechelewa kufungua, shingo inaniuma." Ni maneno yake halisi, alikuwa akiyasema kila alipotutembelea. Basi nikawa kila siku saa nane mchana, duka likiwa limetulia, nakaa juu ya gunia, nafumba macho, napitia: lango linabishwa, nasikia mabati, mkono kwenye komeo, nyanya. Nanusa udongo wa viazi. Dakika kumi. Sikukaa na ile mbaya, nilikaa na hii.

Ilichukua karibu mwezi. Usiku mmoja lango likabishwa ndotoni na badala ya kuogopa nikakasirika kidogo kwamba nyanya hakutuma habari kabla ya kuja. Niliamka nikiwa nacheka na kulia. Tangu hapo imerudi labda mara tano kwa miaka yote, mara nyingi karibu na uchaguzi.

Mambo mawili mshauri alisisitiza. Fanya mchana, si kitandani, kitanda kibaki cha kulala. Na kama kuandika kunakuzidi, yaani unabaki umetikisika siku nzima, simama, tafuta mtu akukalie. Kama ndoto zako ni nyingi, anza na isiyo nzito. Wewe unayo moja tu, kwa hiyo kwenda peke yako itakuwa ngumu. Bondo hapo hospitali wataweza kukuelekeza.

MvuviWaGiza, 6 Machi

Nawashukuru nyote, sikutegemea watu wangeandika kiasi hiki.

Muuguzi, simezi dawa yoyote. Chang'aa ni vikombe viwili, wakati mwingine vitatu. Na la kujidhuru, hapana. Niliwahi kufikiri ingekuwa haki kama ningekuwa mimi, lakini kutaka kufa, hapana. Mke wangu amesoma swali lako na ameniuliza yeye mwenyewe. Tumeongea hadi jua likazama. Ilikuwa mara ya kwanza.

Dada wa Nakuru, nimenunua daftari. Nimeandika. Lakini kubadilisha nimeshindwa, na nataka kusema kwa nini, labda utanielewa.

Hiyo ndoto ndiyo mahali pekee ninapomsikia bado. Simu yake imezimwa, picha ninazo tatu, sauti sina. Anaponiita pale chini ni sauti yake kabisa, na jina lile hakuna mwingine anayelijua. Nikiifuta ndoto si nitakuwa nimemzamisha mara ya pili?

Na kuna jingine sijamwambia mtu. Kwenye ndoto nafungua kinywa maji yanaingia. Usiku ule hayakuingia. Nilikuwa nimekumbatia mtungi, kichwa kiko juu, ningeweza kuita "Wacha taa!" Alikuwa karibu, kama kutoka hapa hadi kwa jirani. Sikuita. Kwa sababu na mimi nilitaka aipate. Mgao wangu nao ulikuwa ukatwe. Kwa mama yake sijaenda tangu mazishi, na mazishini nilisimama nyuma kwa watu wa mahema.

MamaWaViazi, 6 Machi

Kaka, nimekaa na maneno yako tangu asubuhi.

Nyanya yangu alishafariki nilipoanza ile kazi ya daftari. Sikumfuta mtu. Nilibadilisha lango, yeye nikamleta ndani. Usiguse sauti yake. Acha akuite kwa jina lile, aliite hata mara kumi. Unachoweza kubadilisha ni kinywa chako.

MzeeWaUsigu, 7 Machi

Nyathina, mimi si mtu wa kuandika sana, mjukuu wangu ndiye ananichapia.

Nimevua miaka 40, tangu enzi za karabai na mashua za tanga, na nimezika wenzangu kadhaa waliochukuliwa na ziwa. Watu watakwambia mengi, kwamba marehemu anakudai, kwamba upige sufuria, kwamba utafute mtu wa dawa. Mimi sitabishana na mama mkwe wako, amepiga sufuria kwa sababu anakupenda na hana kingine cha kukufanyia.

Lakini nakuuliza jambo moja. Mtu akila na wewe miaka 11 kwenye boti moja, akifa, mama yake anabaki kuwa nani wako? Mazishini ulisimama kwenye mahema. Umepita njia ya nyuma mara ngapi usionane na yule mama sokoni? Yeye naye halali. Hajui mwanawe alisema nini mwisho, na wewe ndiye uliyekuwa karibu. Umekaa na kitu chake.

Nenda. Usiende mikono mitupu, chukua sukari na majani. Usiende na hotuba. Keti, ule anachokupa. Akikuuliza, mwambie. Daftari la huyo dada ni zuri, endelea nalo, lakini kuna maneno hayatoshi kwenye karatasi.

MuuguziWaZamu, 7 Machi

Mzee, asante. Ningependa kuongeza kuhusu usingizi wa mchana tu, maana mvuvi aliuliza na nilimsahau.

Chumba kiwe na giza la kweli. Mimi nimetundika gunia jeusi la plastiki nyuma ya pazia, na leso chini ya mlango. Ukitoka ziwani vaa miwani ya jua au kofia pana hadi ufike nyumbani, kwa sababu jua la asubuhi linauambia mwili kwamba kumekucha. Chai kali na vinywaji vya nguvu viishie saa sita au saba usiku, maana ukishapita muda wa saa tano hivi tangu unywe, karibu nusu ya kafeini bado iko mwilini. Chumba cha mabati kinachemka kuanzia saa nne asubuhi, kwa hiyo lala haraka ufikapo, kazi ndogondogo zisubiri, na ukiweza hamia upande wenye kivuli. Tandika kitambaa kilicholowa na kukamuliwa miguuni. Usipopata usingizi kwa dakika 20 hivi toka kitandani, keti mahali penye mwanga hafifu, rudi ukisinzia. Na kabla ya kutoka jioni lala tena nusu saa, hiyo ndiyo itakuzuia kusinzia na kamba mkononi.

Na neno moja kuhusu kinywa. Kutoita haikuwa sawa na kumtuma. Haya mtayaongea na mshauri vizuri kuliko mimi. Nenda Bondo.

Boda_Kondele, 9 Machi

Nimelala ubavu siku sita, jinamizi limekuja mara moja tu. Kidole cha mguu kimefanya kazi kweli. Mvuvi, tuko na wewe.

MvuviWaGiza, 18 Mei

Samahani kwa kimya. Nilisema sitarudi mpaka niwe na kitu cha kweli cha kuwaambia.

Nilienda Bondo mara nne. Mshauri ni kijana, mdogo kuliko mimi, nilimdharau siku ya kwanza na nimemwomba msamaha kimoyomoyo. Chang'aa nimeacha tangu katikati ya Machi. Wiki mbili za kwanza bila pombe, ndoto ziliongezeka, kila siku, mara nyingine mbili kwa usingizi mmoja. Yeyote atakayeacha ajue hilo mapema, mimi nusura nirudie.

Daftari. Nilianza kama dada wa Nakuru, kwa uongo: aliipata taa, akarudi, tukapanda boti. Niliamka nikilia vibaya kuliko zamani. Kisha nikaandika hii ninayoitumia mpaka leo. Taa inazama inawaka. Yeye yuko juu yake, nyayo nyeupe. Anageuka, ananiita kwa jina langu. Mimi naita, "Wacha taa!" Sauti inatoka. Anaiacha. Anageuka kunitazama, na tunaitazama taa wote wawili ikishuka, kijani, chai, punje, mpaka inazimika. Basi. Hakuna boti, hakuna kupanda. Namaliza pale giza linapokuja, na yeye bado yuko.

Naipitia saa kumi alasiri, nimekaa juu ya mtumbwi wa zamani uliopinduliwa kando ya bichi. Mara ya kwanza kuita "Wacha taa!" kwa sauti, kuku walikimbia. Watoto wangu sasa wanajua saa kumi baba asisumbuliwe.

Kwa mama yake nilienda Jumapili ya pili ya Aprili. Uvuvi wa omena ulikuwa umeshafungwa, hadi mwisho wa Julai, kwa hiyo sikuwa na kisingizio. Nilichukua sukari kilo mbili na majani, Mzee. Nilimkuta nyuma ya nyumba anaanika mahindi kwenye turubai. Hakusema kitu, alinisogezea upande wa turubai, tukaanika pamoja mpaka yakaisha. Kisha akanipikia. Ugali na omena wa kukaanga na nyanya nyingi, kama alivyokuwa akitufungia zamani kwenye mkebe.

Nilimwambia yote. Mtungi, umbali, kwamba sikuita, na kwa nini sikuita. Alikaa kimya muda mrefu akibandua ugali kwenye sufuria kwa ukucha. Kisha akasema mwanawe akiwa na miaka saba aliangusha ndala moja ziwani hapo Uhanya, akairukia na nguo za shule, na watu watano walikuwa wakimwita arudi, yeye mwenyewe mama akiwemo, akipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Hakugeuka hata mara moja. Alirudi na ndala mdomoni. "Tulimwita," akasema. "Hakuwa mtu wa kugeuka."

Kisha akaniuliza, alikuwa akikuita nani wewe? Nikamwambia lile jina. Akalirudia mara mbili. Tangu siku hiyo ananiita hivyo. Nikipita sokoni analipaza mbele ya watu.

Kwenye daftari naweka alama kila nikilala. Februari kama ningekuwa nahesabu ingekuwa karibu kila siku. Wiki tatu hizi za mwisho nimeota mara nne. Mbili zilikuwa ile ya zamani, na niliamka na jasho kama kawaida. Moja taa ilikuwa imezimika tayari na sikuona kitu, nilisikia maji tu. Na moja, Jumanne iliyopita, niliita. Sijui kama aligeuka, niliamka kabla. Lakini sauti ilitoka, mke wangu aliisikia, aliniambia asubuhi nilitamka maneno mawili na nikaendelea kulala.

Sasa nalala usiku kwa sababu msimu umefungwa. Agosti mosi tunarudi majini na mchana utakuwa usiku tena. Muuguzi, gunia jeusi nimeshalitundika. Nimejinunulia pia boya la kuvaa, na kwa boti tunayotumia sasa tumekubaliana wote wanne kwamba hatoki mtu bila lake, na taa ikianguka inaachwa, tutachanga. Tumeandika kwenye karatasi na mwenye boti ametia sahihi.

Swali moja nimebaki nalo kwa dada wa Nakuru: ile saa nane yako ya mchana uliiacha lini? Au bado unakaa juu ya gunia?

MamaWaViazi, 18 Mei

Bado nakaa, kaka. Si kila siku. Uchaguzi ukikaribia narudi kwenye gunia, nafumba macho, nafungua lango. Wiki jana nilikaa bila sababu yoyote, nilikuwa nimemkumbuka tu.